Watu Watatu Bila Ngoma: Oscar Peterson, Ray Brown na Herb Ellis

Neno jazi limezoewa sana katika Afrika ya Mashariki, lakini watu wengi hulitumia kwa maana ya bendi yo yote ya dansi yenye magita na tarumbeta. Bendi kadha wa kadha za miji yetu zilijiita kwa jina hilo ijapokuwa muziki wao ulikuwa rumba au dansi ya namna nyingine. Jazi yenyewe ni muziki wa watu weusi wa Marekani, uliokua hasa katika mji wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Alama yake kubwa ni hii: mpigaji huchukua wimbo unaojulikana, huupiga mara moja kama ulivyotungwa, kisha huanza kuutungia sauti mpya pale pale, pasipo karatasi, na wenzake hawana budi kumfuata aendako bila kupotea njia.

Makala haya yaeleza habari za watu watatu waliopiga muziki huo pamoja tangu mwaka wa 1953 mpaka mwaka wa 1958, nao ni Oscar Peterson mpiga piano, Ray Brown mpiga besi, na Herb Ellis mpiga gita. Wa kwanza alikuwa mtu mweusi wa Kanada, wa pili mtu mweusi wa Marekani, wa tatu Mzungu wa Texas. Jambo linalomshangaza msikilizaji ni kwamba hawakuwa na ngoma. Kwetu, dansi bila ngoma ni kama chungu juu ya mafiga mawili. Kweli, hawakuwa wa kwanza kufanya hivyo, maana Nat King Cole, aliyejulikana baadaye kwa uimbaji, alikuwa na watatu wa namna hiyo hiyo tangu mwaka wa 1937. Lakini Peterson na wenzake walipiga kwa kasi kubwa, na mwendo wao ulinyoka hata mtu asikiaye hutafuta mpiga ngoma amekaa wapi. Uwezo huo haukutoka hewani. Anayetaka kujua ulikotoka yampasa kutazama nyumba walimolelewa na vyombo walivyojifunza kwanza, kwa maana hakuna hata mmoja wao aliyeanza na chombo kilichompa sifa peke yake.

Oscar Emmanuel Peterson alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1925, katika mji wa Montreal, katika mtaa wa karibu na reli ambako watu weusi wengi wa mji ule walikaa kwa ajili ya kazi zao. Baba yake, Daniel Peterson, alitoka visiwa vya West Indies, akawa baharia, kisha akaajiriwa na kampuni ya reli ya Canadian Pacific awe mtumishi wa mabehewa ya kulala. Wasomaji ambao baba zao walifanya kazi katika reli ya Kenya na Uganda wataelewa maisha hayo: baba yuko nyumbani siku mbili tatu, kisha hayupo, mshahara si mkubwa, lakini sare hupigwa pasi na viatu hung'arishwa.

Mzee Daniel alijifunza kinanda mwenyewe zamani za ubaharia wake, naye aliazimia kwamba watoto wake watano wote wajue muziki wa kusoma. Kabla ya kusafiri alimpa kila mtoto somo lake. Akirudi, aliwaketisha mmoja mmoja na kuwasikiliza, na asiyejifunza alijua kitakachompata. Safari zilipokuwa ndefu, aliyesimamia masomo alikuwa binti mkubwa, Daisy. Dada huyu hakupata umaarufu wa ndugu yake, lakini alifundisha piano vizazi vya watoto wa Montreal, na mmoja wao, Oliver Jones, naye akawa mpiga jazi mwenye sifa duniani. Mimi naona kwamba jina la Daisy lingestahili kuandikwa mara nyingi zaidi kuliko linavyoandikwa.

Oscar alianza na tarumbeta pamoja na piano. Alipokuwa mtoto wa miaka saba hivi aliugua kifua kikuu, akalazwa hospitali zaidi ya mwaka mzima. Kaka yake Fred, ambaye alikuwa hodari wa piano katika nyumba ile, alishikwa na ugonjwa huo huo akafa angali kijana. Siku zile ilikuwa haijapatikana dawa ya kuua vijidudu vya kifua kikuu. Streptomisini iligunduliwa mwaka wa 1943 tu, na kabla ya hapo wagonjwa walilazwa mahali penye hewa safi na kungojea. Oscar alipona, lakini alipotoka alikatazwa kupuliza tarumbeta kwa ajili ya mapafu yake. Ndipo alipobaki na piano peke yake.

Baadaye alipelekwa kwa Paul de Marky, Mhungaria aliyekuwa amehamia Kanada. Mwalimu wa de Marky alikuwa mwanafunzi wa Franz Liszt, mpiga piano mashuhuri kuliko wote wa Ulaya ya karne ya 19. Basi kwa upande wa masomo, mtoto wa mtumishi wa reli alikuwa kitukuu wa Liszt, na wepesi wa vidole ambao watu waliustaajabia baadaye katika jazi ulitoka katika mazoezi ya muziki wa Kizungu wa zamani. Kuna habari moja ya wakati huo ambayo Peterson mwenyewe alipenda kuisimulia. Baba yake alipoona kwamba kijana ameanza kujivuna, alileta sahani ya santuri ya Art Tatum, mpiga piano mweusi wa Marekani ambaye alikuwa karibu kipofu. Oscar alisikiliza, akadhani ni watu wawili wanaopiga. Alipoambiwa kwamba ni mmoja, alivunjika moyo, hakuigusa piano kwa majuma kadha. Kisha akarudi kuketi na kuanza tena.

Alipokuwa na umri wa miaka 14 alishinda mashindano ya redio ya Kanada na kupata zawadi ya dola 250. Aliacha shule ili afanye kazi ya muziki, na baba alikubali kwa sharti moja: asiwe mpiga piano wa kawaida, awe wa kwanza. Aliingia katika bendi ya Johnny Holmes, naye alikuwa mtu mweusi peke yake humo. Hoteli moja kubwa ya mjini ilipotaka bendi ije bila yeye, Holmes alikataa, akasema atautangaza ubaguzi huo katika magazeti, hoteli ikakubali.

Mwaka wa 1949, Norman Granz, Mmarekani mwenye kuandaa maonyesho makubwa ya jazi, alikuwa ndani ya teksi akienda kiwanja cha ndege cha Montreal. Redio ya teksi ilikuwa ikitoa muziki wa piano. Granz aliuliza ni sahani ya nani. Dereva alimjibu kwamba si sahani, ni kijana Peterson anayepiga wakati ule ule katika baa iitwayo Alberta Lounge. Granz aliamuru gari ligeuzwe. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Peterson alikuwa New York, ameketi miongoni mwa wasikilizaji katika ukumbi wa Carnegie Hall. Hakuwa na kibali cha kufanya kazi Marekani, kwa hiyo alialikwa jukwaani kana kwamba ni mgeni aliyepita tu. Mtu aliyesimama kando yake na besi usiku ule alikuwa Ray Brown.

Raymond Matthews Brown alizaliwa tarehe 13 Oktoba, 1926, mjini Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma. Naye pia alianza na piano. Shuleni kwake, hata hivyo, wapiga piano walikuwa wengi mno, na kila mmoja alingojea zamu yake. Alitamani tromboni, lakini fedha za kuinunua hazikupatikana nyumbani. Ndipo alipoona kwamba shule ina besi isiyo na mpigaji. Besi ni chombo kama fidla, ila ni kikubwa kupita mtu, na mpigaji husimama nacho amekikumbatia. Brown aliichukua kwa sababu haikuhitaji kununuliwa.

Kielelezo chake kilikuwa Jimmy Blanton, mpiga besi wa bendi ya Duke Ellington. Kabla ya Blanton, kazi ya besi ilikuwa kupiga pigo moja moja la chini na kuhesabu wakati. Yeye aliifanya iimbe kama tarumbeta. Blanton alikufa mwaka wa 1942 akiwa na umri wa miaka 23, na kilichomuua ni kifua kikuu. Brown alikuwa bado mwanafunzi. Alipomaliza shule alizunguka na bendi za mikoani, na mwaka wa 1945 alifika New York. Hakukaa siku nyingi kabla ya kujuana na Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta, ambaye alimwajiri mara moja. Kijana wa miaka 19 alijikuta katika chumba kimoja na Gillespie, Charlie Parker na Bud Powell, watu waliokuwa wakigeuza muziki wa jazi kabisa wakati ule. Mwaka wa 1947 alimwoa mwimbaji Ella Fitzgerald. Ndoa yao ilivunjika mwaka wa 1953, lakini kazi yao haikuvunjika, kama tutakavyoona.

Kwa miaka ya kwanza Peterson na Brown walipiga wawili tu. Kisha wakaongeza gita. Barney Kessel alikaa nao muda usiotimia mwaka, akaenda zake kwa kuwa safari zilimchosha, na mwaka wa 1953 nafasi yake ikachukuliwa na Herb Ellis.

Ellis ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri. Alizaliwa tarehe 4 Agosti, 1921, Farmersville, mji mdogo wa wakulima karibu na Dallas. Alianza na kinanda cha mdomo, akapiga banjo, kisha akashika gita. Alikwenda chuo cha walimu cha North Texas kusomea muziki, lakini gita halikuhesabiwa kuwa chombo cha masomo siku zile. Basi aliandikishwa kusomea besi. Fedha zilipokwisha aliacha chuo, lakini tayari alikuwa amesikia sahani za Charlie Christian, na maisha yake yakapata njia. Christian alikuwa kijana mweusi aliyezaliwa Bonham, ambao si mbali na Farmersville. Ndiye aliyelifanya gita la umeme kuwa chombo cha mbele katika jazi. Yeye naye alikufa kwa kifua kikuu, mwezi wa Machi 1942, akiwa na miaka 25. Msomaji ataona kwamba ugonjwa huo uliwachukua walimu wa watu wawili kati ya hawa watatu, na ulikuwa karibu kumchukua wa tatu mwenyewe.

Ellis aliingia bendi ya Glen Gray, kisha ya Jimmy Dorsey, na mwaka wa 1947 yeye na wenzake wawili waliunda kikundi cha Soft Winds, ambacho nacho hakikuwa na ngoma. Wimbo wao mmoja, Detour Ahead, uliimbwa na Billie Holiday.

Sasa tutazame jinsi mambo hayo yalivyokutana. Brown alijua piano kabla ya besi. Ellis alisomea besi darasani. Kila mmoja alielewa kutoka ndani kazi ya mwenziwe, wala haikumpasa kubahatisha. Ellis alipotaka kuziba pengo la ngoma aligongagonga gita lake kwa vidole, likatoa sauti kavu kama ya ngoma ndogo, naye alijua hasa pigo la besi litaangukia wapi. Peterson alikuwa bwana mkali wa kazi, kama baba yake alivyokuwa. Alitunga mipango migumu na kutaka ikaririwe pasipo karatasi, na huku wakiwa jukwaani aliweza kuongeza kasi au kuupandisha wimbo bila kuwaonya wenzake. Brown na Ellis walipatana wakawa na desturi ya kufanya mazoezi wawili peke yao, mchana, katika vyumba vya hoteli, ili asiwakute wamelala usiku.

Matunda yake yasikika katika sahani iliyonaswa tarehe 8 Agosti, 1956, kwenye tamasha la Shakespeare katika mji wa Stratford, Kanada. Siku nane baadaye watatu hao walikuwa Los Angeles, pamoja na mpiga ngoma Buddy Rich, wakiwapigia Ella Fitzgerald na Louis Armstrong katika sahani ya Ella and Louis, ambayo bado yauzwa na kupendwa duniani kote. Brown alisimama na besi yake nyuma ya mwanamke aliyekuwa mkewe, na hakuna asikiaye kosa lo lote.

Yafaa pia kueleza hali ya nchi walimosafiri. Katika majimbo ya kusini ya Marekani miaka ile, sheria na desturi ziliwatenga weusi na weupe katika hoteli, mikahawa, mabasi na hata vyoo. Kikundi cha watu watatu kilikuwa na mmoja aliyeweza kuingia mlango wa mbele na wawili waliokatazwa. Granz, ambaye kundi lake kubwa liliitwa Jazz at the Philharmonic, alikataa kuandaa onyesho po pote ambapo wasikilizaji wangetengwa, na jambo hilo aliliandika katika mikataba yake. Mwezi wa Oktoba 1955 kundi hilo lilifika Houston, katika Texas, jimbo alikozaliwa Ellis. Granz alikodi ukumbi mwenyewe, akaviondoa vibao vya utengano, na kuwaketisha watu pamoja. Usiku ule polisi waliingia kwa nguvu katika chumba cha Ella Fitzgerald, wakawakamata yeye na msaidizi wake, Gillespie, Illinois Jacquet na Granz, kwa madai ya kucheza kamari. Walilipa dhamana ya dola 10 kila mmoja, wakarudi kumaliza onyesho la pili. Granz hakukubali kulipa faini ndogo yakaisha. Alitumia fedha nyingi zaidi kuwalipa mawakili, mpaka mashtaka yakafutwa. Utengano wa namna hiyo ulipigwa marufuku na sheria ya nchi nzima mwezi wa Julai 1964.

Ellis aliondoka mwaka wa 1958, kwa kuwa safari zisizo na mwisho na ulevi vilikuwa vimemshinda. Baadaye alijirekebisha, akafanya kazi na Ella Fitzgerald, kisha akakaa Los Angeles miaka mingi akipiga katika bendi za televisheni, na tangu miaka ya 1970 alizunguka na Barney Kessel na Charlie Byrd, wapiga gita watatu pamoja. Peterson hakutafuta gita jingine. Mwaka wa 1959 alimchukua Ed Thigpen, mpiga ngoma mtaratibu aliyezaliwa Chicago, mtoto wa Ben Thigpen ambaye naye alikuwa mpiga ngoma. Mwaka wa 1960 wao pamoja na Brown walifungua shule ya jazi mjini Toronto, lakini haikudumu, maana walimu walikuwa safarini siku zote. Mwezi wa Desemba 1962, mwaka mmoja kabla ya Kenya kujitawala, walinasa sahani iitwayo Night Train, yaani gari la moshi la usiku. Ndani yake mna wimbo Hymn to Freedom, ambao Peterson aliutunga kwa namna ya nyimbo za kanisa za watu weusi, nao ulipendwa na waliopigania haki za raia huko Marekani. Ni wimbo wa polepole, tena rahisi, na mtu aliyezoea wepesi wa vidole vyake huweza kudhani kwamba si yeye.

Brown aliondoka yapata mwaka wa 1965, akahamia Los Angeles. Huko alipiga, alifundisha, na kwa muda alisimamia kazi za Quincy Jones.

Mwezi wa Machi 1990 watatu wa zamani walikutana tena katika klabu ya Blue Note, New York, wakiwa na Bobby Durham kwa ngoma, na sahani ya maonyesho hayo ilipata tuzo ya Grammy. Mwaka wa 1993 Peterson alipigwa na kiharusi na mkono wake wa kushoto ukadhoofika. Alijifunza tena taratibu, akarudi jukwaani, akawaachia wenzake sehemu ambazo mkono ule ulishindwa. Brown alifariki tarehe 2 Julai, 2002, mjini Indianapolis, akiwa safarini: alicheza gofu asubuhi, akajinyosha kupumzika kabla ya onyesho la usiku, wala hakuamka. Peterson alifariki tarehe 23 Desemba, 2007, na Ellis tarehe 28 Machi, 2010, akiwa na miaka 88.

Msomaji atakayeweza kuipata sahani ya Stratford aisikilize kwanza mara moja yote. Mara ya pili aiache piano, ijapokuwa ni vigumu, akafuate besi na gita tu.